Kazi ya Kuitika

Dada yangu alikuwa na kazi moja ya kueleweka, na nyingine ambazo ukimsimulia mtu anadhani unamtania. Ile ya kueleweka ilikuwa kufua na kupiga pasi shuka za hoteli, kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Zilizobaki zilikuwa vibarua vya pembeni. Amewahi kulipwa kupanga foleni kwa niaba ya watu wasiopenda kusimama. Amewahi kulipwa kuwasha taa na redio kwenye nyumba za waliosafiri, ili wezi wadhani wenyewe wapo. Na mimi mdogo wake, fundi viatu, nilikuwa nampa viatu vipya vya wateja wenye miguu ya kudeka. Alikuwa anavaa soksi nene, anazunguka navyo nyumbani mpaka ngozi inalegea, kisha mteja anakuja kuchukua kiatu kisichombana.

Nilikuwa namwambia kwamba ni yeye peke yake ninayemjua anayelipwa kwa kutembea bila kufika popote. Alikuwa anachekea puani, cheko la mtu ambaye hata kucheka kunamgharimu.

Alikuwa na binti mdogo tuliyemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama na mwana walikuwa wanalala sebuleni kwangu, nyuma ya pazia. Dada alitaka chumba chao wenyewe, chenye mlango wa kufunga. Kwa ajili ya mlango huo angefanya kibarua chochote cha halali.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa barazani na vifaa vyangu. Dada alikuwa ametoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji, ameegemea ukuta amefumba macho. Kwenye benchi alikaa bwana mmoja mwenye shati safi, akisubiri nimgongee kisigino. Chiriku akaita kutoka ndani, "Mama." Dada, macho bado yamefumbwa, akaitika, "Abee," na papo hapo akajiinua kwenda kumsikiliza.

Ndivyo mama yetu alivyotulea. Ukiitwa, na mkubwa au na mdogo, unaitika, na ukishaitika unainuka. Ukiitika halafu ukabaki umekaa, kofi lilikuwa linakufuata ulipo.

Dada aliporudi, yule bwana alikuwa anamtazama.

"Hebu itika tena, dada yangu," alisema.

"Samahani?"

"Natafuta mtu wa kuitika. Mama yangu yuko kitandani. Anamwita binti yake mchana kutwa, na binti hayupo. Asipoitikiwa anahangaika. Nataka mtu akae sebuleni alasiri. Mama akiita 'mwanangu', aseme 'abee mama'. Basi."

"Nitamlisha? Nitamgeuza?"

"Hapana. Chumbani usiingie. Na usiinuke kwenye kiti akiita."

Nilicheka. Nikasema kwetu tumeitika bure tangu utotoni, kumbe tulikuwa tunajinyima. Yule bwana hakucheka. Alimgeukia dada.

"Mama yako yupo?"

"Alishatangulia."

"Pole sana," alisema, na nilimwona usoni akipata nafuu. "Basi utafaa."

Neno lile halikunikaa vizuri. Lakini nilikuwa na kiatu chake mkononi, na dada alikuwa amechoka mno kukataa kazi ya kukaa kwenye kiti.

Nyumba haikuwa mbali, mtaa wa pili nyuma ya soko. Dada alinisimulia jioni ya kwanza, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Sebule ilikuwa na kiti kimoja, kimeelekezwa kwenye mlango wenye pazia zito. Yule bwana alimfungulia, akaondoka. Baada ya muda sauti ya kizee ikaita kutoka ndani, taratibu, "Mwanangu." Akaitika. Kimya. Ikaita tena, akaitika tena. Ndiyo kazi yote.

"Pesa ya bure hiyo," nilimwambia.

"Hakuna harufu ya dawa," alisema. "Wala kikohozi. Wala kikombe kugongana na sahani. Mgonjwa gani huyo?"

"Mgonjwa msafi."

Alicheka kidogo, akasinzia na miguu ndani ya beseni.

Wiki ya kwanza nilidhani kazi imempatia mapumziko. Kumbe la. Alikuwa anarudi amechoka kuliko siku za kufua mapazia ya hoteli nzima. Alisema kila akiitika anahisi kitu kinamtoka kifuani na pumzi, na hakirudi. Nilimwambia aache. Akasema chumba ameshakiona, kina mlango mzuri, kimebaki kidogo tu.

Kisha Chiriku akaanza kulalamika.

"Mjomba, mama hanisikii."

Mwanzo nilidhani ni deko. Ndipo nikamwona mwenyewe. Dada alikuwa anachambua mchele. Mtoto akasimama pembeni yake, akaita, "Mama." Kimya. "Mama." Kimya. Akamvuta gauni. Dada akashtuka, akamtazama kama mtoto wa jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Usiku ule Chiriku alilala chumbani kwangu. Hakulia. Aliniuliza tu kama mama amemkasirikia, nikamwambia alale.

Asubuhi yake, kabla dada hajaenda kazini, alikuwa amekaa anafunga makubadhi yake, yale niliyomshonea mwenyewe. Hakuna aliyesema kitu. Dada akainua kichwa. "Abee mama," akasema kwa upole. Akaanza kuinuka.

Nilimshika bega.

"Nani kakuita?"

"Sauti yake imebadilika," alinong'ona. "Mwanzo ilikuwa ya kizee tu. Sasa ni mama. Mama yetu."

"Leo usiende huko."

"Leo ndiyo mwisho. Nalipwa, namaliza. Nimechoka, mdogo wangu. Hujui nilivyochoka."

Adhuhuri hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja. Mimi sikuweza kushona. Niliharibu soli ya mteja, nikaichana, nikaiharibu tena. Mwishowe nikafunga vifaa, nikamshika Chiriku mkono, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Tukaenda kumchukua.

Jua lilikuwa bado kali. Watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishwa tu. Nje, kando ya kizingiti, palikuwa na viatu.

Kazi yangu ni viatu, kwa hiyo ndivyo nilivyoviona kwanza. Vingi. Vya kike vyote. Ndala, vya kufunika, vya kisigino kifupi. Vimepangwa kwa adabu, kama watu wameingia msibani. Vumbi lilikuwa limelala juu yake, nene. Vingine ngozi ilikuwa imepasuka kwa jua. Waliovivua waliingia, na hakuna aliyetoka kuvivaa. Mwishoni mwa safu yalikuwa makubadhi ya dada, hayana vumbi.

Nikasukuma mlango.

Dada alikuwa kwenye kiti. Mgongo wima. Mikono magotini.

"Dada, twende nyumbani."

Hakugeuka.

Pazia halikutikisika. Nyuma yake sauti ikaita.

"Mwanangu."

Namwapia anayesoma hapa, ilikuwa ya mama yetu. Ile mikwaruzo ya asubuhi. Ule uvutaji wa neno mwishoni, akiwa jikoni na wewe uko uani. Ulimi wangu ulikuwa umeshajipanga kusema naam. Nikauuma mpaka nikaonja damu.

"Abee mama," dada akasema.

"Mwanangu, njoo."

Hajawahi kuambiwa njoo. Nililijua hilo, kwa sababu alikuwa ananisimulia kila kitu. Siku zote alikuwa anaitika amekaa, na siku zote malezi yetu yalikuwa yanamsuta. Sasa akainuka.

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, na una nguvu kuliko wangu. Akapiga hatua. Nikavutwa naye.

"Mama," Chiriku akaita.

Akapiga nyingine.

"Mama, mama."

Mkono wa dada ukagusa pazia.

"Mwanangu," sauti ikaita tena, kwa uchovu, kama mtu aliyeita siku nyingi na hakujiwa. Dada alifungua mdomo. Pumzi haikutosha. Hakuitika.

Chiriku alisubiri. Nilimwona akimtazama mama yake, kisha pazia. Amelelewa na dada, na dada amelelewa na mama. Mtu mzima ameita, na hakuna aliyemwitika. Mtoto akakunja mikono kifuani kama alivyofundishwa.

"Abee bibi," akasema.

Sauti ikanyamaza.

Sijui nieleze vipi kimya kile. Hata kelele za mpira nje zilikatika. Kisha nyuma ya pazia, chini kabisa, karibu na sakafu, kitu kikacheka polepole. Cheko la furaha. Cheko la bibi aliyeletewa mjukuu.

Dada akaanguka magotini. "Chiriku," akasema, akageuka, akamwona. Nilimbeba mtoto, nikamvuta dada, tukatoka. Hakuvaa makubadhi. Alikimbia peku mpaka nyumbani, analia na kumbusu mtoto kichwani, na Chiriku anauliza tumemkosea nani.

Kesho yake nilirudi na wanaume wa mtaani. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli lenye kutu. Kizingitini hapakuwa na kiatu hata kimoja. Jirani alisema haijakaliwa tangu yeye ahamie. Tulichungulia dirishani. Kiti kilikuwepo. Pazia lilikuwa limesogezwa, na nyuma yake hapakuwa na mlango wala chumba, ulikuwa ukuta. Yule bwana wa shati safi hatujamwona tena.

Dada alirudi kuwa dada. Chiriku akimwita, anaitika kabla neno halijaisha, na anainuka hata akiwa hoi. Nilimshukuru Mungu. Nikadhani tumenusurika.

Kisha, alasiri moja, Chiriku alikuwa anacheza na vipande vyangu vya ngozi mkekani. Akanyamaza, na kunyamaza kwake ni jambo la kutisha lenyewe. Akainua kichwa, akautazama mlango, akatabasamu. "Abee," akasema.

Asubuhi yake nilifungua mlango nikakuta makubadhi ya dada kizingitini. Mshono wangu, uzi wangu. Upande wa vidole umeelekea ndani. Pembeni yake palikuwa na mengine madogo, ya mtoto, mapya kabisa, yenye kanda mbili zilizopishana. Sikuyashona mimi. Niliyageuza nikatazama soli, safi, haijagusa ardhi. Lakini ndani ngozi ilikuwa imeshalegea. Ilikuwa na shimo dogo la kisigino na alama za vidole vitano, na upande wa kushoto umelalia nje kidogo, kama mguu wa kushoto wa Chiriku unavyolala akitembea.

Mtu alikuwa ameshamlainishia.

Ya dada niliyachoma. Haya madogo nayo niliyatia motoni, yakatoka yalivyo, bila kuungua. Nikatoa vifaa kwenye sanduku langu, nikayaweka humo, nikalipigilia misumari pande zote, nikalikalia. Ndiyo kiti changu cha kazi sasa.

Tangu hapo tunapokezana. Mimi na dada hatusikii kitu, lakini tumejifunza kumsoma mtoto. Akinyamaza, akiinua kichwa, mmoja wetu anawahi kuitika kwa niaba yake. "Abee mama," anasema dada. "Naam," nasema mimi, na tunabaki tumekaa, tumeshikana mikono juu ya kichwa cha mtoto. Kila nikiitika naelewa alichokuwa ananiambia na miguu ndani ya beseni. Kitu kinatoka, hakirudi. Dada ameacha vibarua vyote. Kile chumba chenye mlango mzuri alikichukua mtu mwingine. Ukiacha hoteli na viatu, kazi tumebaki nayo hiyo moja, haina malipo wala likizo, na mwenye kutuandika hatumjui.

Tumechoka. Nasema bila aibu, tumechoka sana.

Leo dada alicheleweshwa hotelini. Alasiri ilikuwa yangu peke yangu. Chiriku alikuwa mkekani anaimba, nami nilikuwa nimekaa juu ya sanduku, sindano mkononi. Kuimba kwake kulikuwa kunanibembeleza. Nikafumba macho kidogo tu.

Nilipofumbua, haimbi. Nyumba kimya.

Niliruka. Alikuwa pale pale mkekani, amelala fofofo, anapumua vizuri. Nilimshika paji la uso, halina homa. Mlango ulikuwa na komeo. Sanduku nilikuwa nimelikalia mwenyewe. Nilikagua misumari, mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliolegea. Nikashusha pumzi.

Kisha nikainama kumfunika shuka, nikaiona miguu yake. Dada alikuwa amemwogesha asubuhi, na tangu hapo hajatoka ndani, anatembea peku sakafuni. Miguu ilikuwa na vumbi mpaka vifundoni, vumbi la safari. Na juu ya kila mguu, katikati ya vumbi, mistari miwili misafi imepishana.

Nimekaa naye hapa, nimemshika mkono, nasubiri dada arudi. Nimemwita mtoto mara nyingi kwa jina tunalomwita, na kwa jina lake halisi. Anapumua vizuri. Haitiki.