Kazi Iliyohamia Chumbani

Asubuhi Mama Pacha alikwenda dukani kwake na pacha wakaenda shule. Baba Pacha alibaki kitandani, kompyuta mapajani. Alikuwa akipokea simu za wateja wa kampuni ya bima. Tangu ofisi imruhusu kufanyia kazi nyumbani, kitanda ndicho kilichokuwa meza yake.

"Mwanangu, kwa kuwa umekaa tu, niangalizie sufuria!" mama yake aliita kutoka jikoni.

"Mama, nipo kazini!"

"Kazini na shuka?"

Akaenda. Mteja aliyekuwa kwenye simu akasubiri, akachoka, akakata.

Siku zikapita hivyo. Kazi ya mchana ikawa haiishi, akaisogeza usiku, akaamka hoi. Akaanza kuichukia kazi aliyoipenda. Mwishowe msimamizi wake akampigia: "Ndugu yangu, wateja wanalalamika. Ukiendelea hivi sitaweza kukutetea."

Baba Pacha alitoka nje uani, kichwa chini. Jirani yake, mtafsiri wa vitabu, alikuwa akianua nguo. Naye alifanyia kazi nyumbani.

"Shemeji, mbona umenuna hivyo?"

Akamweleza yote.

"Pole. Mwanzoni hata mimi yalinikuta," jirani alisema. "Kitanda ni cha kulala, shemeji. Tafuta kona yako, uvae, uketi. Jioni ikifika, funga kompyuta. Kazi isiyo na mwisho huua hamu. Na wenzako wa ofisini wapigie, msalimiane. Upweke nao unachosha. Mama je, anajua unafanya nini humo ndani?"

"Nimemwambia nipo kazini."

"Umemwambia, au umempigia kelele?"

Baba Pacha akacheka kwa aibu.

Kesho yake alinyoa ndevu, akavaa shati, akaweka meza ndogo dirishani. Akamkaribisha mama yake aketi kidogo. Simu ikalia. Mama akamsikia mwanawe akisema taratibu: "Pole sana kwa nyumba kuungua. Usilie. Tutaanza pamoja, hatua kwa hatua."

Simu ilipokwisha, mama alikuwa akifuta macho. "Kumbe watu wanakulilia wewe! Nami nakuita kwa sufuria?"

Wakakubaliana: shughuli za nyumbani zingojee mapumziko. Tangu hapo mama akawa mlinzi. Hata Mama Pacha aliporudi mapema alizuiwa mlangoni. "Hata mimi mkewe?" "Hata wewe. Huyu ni kama daktari, ana mgonjwa wake kwenye simu!"

Mwisho wa mwezi msimamizi alipiga tena. Baba Pacha alisikiliza, akashukuru, akashusha pumzi ndefu.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Wateja wamenisifu, mama."

"Wametusifu," mama akamsahihisha.