Kifuniko cha Hotpoti

"Hiyo bei ni ya hotpoti au ya duka zima?" Marsiana aliuliza, mkono kiunoni, na muuzaji akacheka mpaka akaegemea rafu.

Kariakoo ilikuwa imefurika. Wasukuma mikokoteni wanapiga kelele watu wapishe, spika zinatangaza viatu vya mtumba, mahindi ya kuchoma yananukia, na ukisimama kufunga kamba ya kiatu unasukumwa mpaka mtaa wa pili. Wasichana watatu kutoka Ifakara walikuwa katikati ya vurugu hiyo na walikuwa wanaifurahia. Asubuhi hiyo walipanda treni ya umeme kutoka Morogoro, mara yao ya kwanza, wakapiga picha na kila kiti. Sasa walikuwa wananunua vitu vya kicheni pati ya Serafina, dada yake Marsiana, itakayofanyika Jumamosi.

Paulina alivaa jinzi mpya na miwani ya jua aliyokataa kuivua hata ndani ya maduka. Rabia alijitanda mtandio wa kijani, na ndiye aliyeshika mikoba maana wenzake wawili huwa wanasahau vitu. Marsiana ni fundi cherehani wa mtaa wa Mlabani hukohuko Ifakara, na siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa alilolishona mwenyewe. Jamani, lilimkaa! Hata wauza soksi walikuwa wanageuka.

Alimgeukia Paulina, akamnong'oneza kwa Kipogoro kwamba muuzaji huyu anawaona washamba. Hakujua kuna mtu anasikia.

"Wapogoro!" sauti ya kiume iliita nyuma yao. "Nani kawafungulia mlango mkafika mjini?"

Marsiana aligeuka. Alimwona kijana mrefu, mweusi, shati la bluu amelikunja mikono, begi mgongoni. Alipocheka alionyesha mwanya, na mimi sitawaficha, ule mwanya ndio ulioanza kumponza Marsiana.

"Na wewe unayeuliza ni nani?"

"Fulgensi, wa Sanje, hukohuko bondeni kwenu. Lakini babu zangu ni Wangoni wa Peramiho. Wao ndio waliowateka babu zenu, kwa hiyo hata hizo hela mlizoshika ni zangu."

"Aaa, kumbe pombe ya ulanzi ndiyo inaongea asubuhi yote hii!" Marsiana akamrudishia, na duka zima likacheka.

Ndivyo ilivyo. Mpogoro na Mngoni ni watani. Wakikutana watachokozana, watasemana vibaya, watanyang'anyana vitu hata msibani, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Fulgensi hakusubiri. Hotpoti ilipolipiwa tu, alichomoa kifuniko, akakitumbukiza kwenye begi lake.

"Nimekamata mateka! Utakipata ukipanda treni, mke wangu."

"Mke wako yuko Songea!"

"Mke wangu, ukiitwa itika."

"Nakwambia yuko Songea, anakusubiri na mwiko!"

Rabia alikuwa amejiinamia kwa kicheko. Fulgensi alikuja Dar kununua mkanda wa mashine ya kukobolea mpunga ya baba yake, na saizi aliyoitaka ingepatikana kesho. Siku nzima ilikuwa yake. Akatangaza kwamba atawatembeza, kwa sababu Dar anaijua vichochoro vyote.

Uongo mtupu! Aliwazungusha mpaka wakarudi mbele ya duka lilelile la hotpoti.

"Tumeshawahi kupita hapa," Paulina alisema, akichungulia juu ya miwani yake.

"Nilitaka mlione vizuri," alijibu bila aibu.

Walinunua mabeseni, khanga, na hereni ambazo Marsiana alizijaribu mara tatu akimwangalia Fulgensi kwenye kioo badala ya kuangalia hereni. Walikwenda Posta, wakatazama maghorofa mpaka shingo zikauma. Kule Feri walikula samaki wa kukaanga kwa mikono, pilipili ikamwingia Paulina puani, akavua miwani kwa mara ya kwanza kutwa nzima. Kisha wakapanda pantoni kwenda Kigamboni, si kwa shughuli yoyote, kupunga upepo tu.

"Wapogoro na pantoni hamwachani," Fulgensi alisema. "Kabla hamjajengewa daraja pale mtoni kwenu, si mlikuwa mnalala foleni?"

"Tulikuwa tunawasubiri nyinyi Wangoni mmalize kuogopa maji."

Paulina na Rabia walikwenda mbele kupiga picha. Wale wawili walibaki kwenye chuma cha pembeni, upepo unalipeperusha lile gauni la chungwa.

"Marsiana."

Moyo wake ulishtuka. Kutwa nzima alikuwa mke wangu, Mpogoro, mateka. Hakuwa Marsiana hata mara moja.

"Nikija kwenu Ifakara," Fulgensi alisema polepole, "nikaja kweli, utanipokea?"

Alitaka kusema ndiyo. Ilikuwa imeshamfika kooni. Lakini alimkumbuka dada mmoja wa mtaani kwao aliyewahi kuamini maneno ya mtani wake, akawatangazia watu kwamba anaolewa, kumbe mwenzake anatania. Alichekwa sokoni, akachekwa kanisani, mwishowe akahamia Mahenge. Marsiana aliogopa kuchekwa hivyo. Basi akacheka yeye kwanza, tena kwa sauti.

"Njoo! Ila uje na ng'ombe wote wa wafugaji Wasukuma wa bondeni kwetu, na ulanzi uuache hukohuko."

Fulgensi naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Kisha akaanza kutazama maji.

Stesheni walipeana namba za simu, wakaagana harakaharaka, mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, mlinzi anawahimiza. Treni ilipokwisha kuiacha Dar ndipo Rabia alipofungua mfuko, akauliza, "Shoga, kifuniko kiko wapi?"

Loo! Marsiana alipiga simu palepale. Paulina akaibonyeza spika ili wote wasikie uhondo.

"Mngoni mwizi wewe! Umeondoka na kifuniko cha watu!"

"Eh! Kweli kimo kwenye begi. Nisamehe, nilikuwa na mawazo."

"Jumamosi ndiyo shughuli. Kilete nyumbani, Viwanja Sitini, ukifika uliza kwa mama Serafina."

Sauti ya Fulgensi ilishuka. "Nikilete kama nani?"

Paulina aliziba mdomo asicheke. Rabia alikodoa macho. Abiria wa kiti cha mbele naye aligeuza sikio. Marsiana alijisikia anachemka mpaka masikioni, akasema neno la kwanza lililomjia.

"Kama mtani tu. Kwani kuna kingine?"

"Hamna," Fulgensi alijibu. "Sawa, dada."

Dada! Lilimchoma, jamani. Angemwita mateka asingeumia. Alitazama dirishani mpaka Morogoro, na wenzake wakimwonyesha picha aliitikia tu, "Nzuri."

Kurudi Ifakara, watu walikuwa kwenye mavuno ya mpunga na Marsiana alikuwa kwenye sare za kicheni pati. Alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Rabia alimkuta anaufumua.

"Wewe unaumwa Sanje," Rabia alimwambia.

"Nampenda, Rabia. Nampenda na sijui kama alikuwa anatania. Nikimwambia akanicheka, nitaiweka wapi sura yangu?"

"Na yeye uliyemwambia mtani tu, sura yake kaiweka wapi? Mpigie simu. Leo hakuna spika."

Alipiga. Fulgensi alipokea katikati ya mlio wa mashine ya kukoboa, na nyuma yake watu wanabishana kuhusu magunia.

"Haloo! Nani?"

"Marsiana!"

"Eeh! Sema, mashine inapiga kelele!"

Marsiana alifumba macho, akasema kwa nguvu zake zote, "Nimekukumbuka!"

"Umekikumbuka? Usijali, kipo salama! Nimekifunga kwenye gazeti!"

"Hapana, nimesema..."

"Kitafika, dada! Usiwe na wasiwasi!" Simu ikakatika.

Rabia alikaa chini kwenye vitambaa akacheka mpaka machozi. Marsiana naye yalimtoka machozi, lakini ya kwake hayakuwa ya kucheka. Hakupiga tena.

Jumamosi ikafika. Uani kwa mama Serafina paliwekwa turubai na viti, wanawake wamejaa na sare zao za bluu, muziki juu, vigelegele kila zawadi ikipita. Hotpoti ya Marsiana ilikaa mezani imefunikwa na kawa, na kila aliyepita aliuliza kulikoni. Kicheni pati haiingii mwanamume, kwa hiyo palipobishwa hodi ya sauti nzito getini, shangazi Bibiana alikwenda mwenyewe. Shangazi huyu hana mchezo kwa utani. Akimwona Mngoni, kwake ni sikukuu.

Alikuwa Fulgensi. Shati jeupe lililopigwa pasi, suruali nyeusi, kofia kichwani, gazeti mkononi limefunga kitu cha mviringo.

"Wewe ndiye yule Mngoni mwizi?" shangazi akapiga kelele. "Wanawake, njooni! Mwizi wetu huyu hapa!"

Walimzunguka. Mmoja alimpaka unga usoni, mwingine akamvua kofia akaivaa yeye, wa tatu akamfunga khanga kiunoni. Wote walisubiri Mngoni afoke, awaite mateka, anyang'anye sahani ya pilau akimbie nayo. Ndiyo raha yenyewe hiyo.

Fulgensi alisimama tu na unga wake. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kelele zilipungua. Shangazi Bibiana alimtazama juu mpaka chini. "Umesemaje?"

"Shikamooni, mama zangu."

"Mngoni anampa Mpogoro shikamoo?" shangazi alishangaa. "Huyu kijana anaumwa. Hebu mshikeni paji la uso!"

"Siumwi, mama. Leo sitanii."

Mtu alizima muziki. Marsiana alikuwa amefika nyuma ya wanawake, gauni lilelile la chungwa, maana sare yake mwenyewe hakuwahi kuimaliza. Alimwona mtu wake na unga puani, khanga kiunoni, anawaamkia watu ambao mila ilimruhusu kuwatukana. Hapo akaelewa. Mtani hawezi kufanya hivyo. Mtani akifika kwenye shughuli asitanie, basi amekuja na jambo lingine.

"Nimeleta kifuniko," Fulgensi alisema, sasa anamtazama yeye peke yake. "Ulisema nilete kama mtani. Nimejaribu, Marsiana. Nimeshindwa."

"Na kwenye simu nilikwambiaje?"

"Ulisema umekikumbuka."

"Nimekukumbuka! Ku, ku, siyo ki! Mngoni kiziwi wewe, nikumbuke kifuniko mpaka nilie?"

Fulgensi alifungua mdomo, ule mwanya ukaonekana, na unga ukamwanguka kwenye shati jeupe. "Ku?"

"Ku!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nasikia hata ng'ambo ya barabara watu walitoka kuuliza kama bibi harusi ameshachukuliwa. Kabla havijaisha, kwenye bajaji iliyosimama nje kulisikika kikohozi, akashuka mzee mmoja mwenye koti na fimbo. Ni mzee Nazari, baba yake Fulgensi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa kabla ya kuhamia Sanje. Mwanawe alikuwa amemsihi njia nzima: baba, leo tusitanie, leo tukae kwa heshima. Mzee aliahidi. Lakini kuwaona Wapogoro wengi namna ile mahali pamoja kulimzidi nguvu.

"Wapogoro!" alinguruma. "Mtatuweka juani mpaka lini? Nimekuja kuchukua mateka wangu!"

"Baba!" Fulgensi alijishika kichwa.

"Mchukue!" shangazi Bibiana alijibu kwa furaha kubwa, utani umemrudia. "Lakini bidhaa ikitoka dukani hairudishwi! Na kesho uje na wazee wenzako, mje mlivyo, bila ulanzi!"

Serafina, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amekwisha kwenda mezani. Alirudi na hotpoti, akaondoa kawa, akamtupia mdogo wake mikononi.

"Chukueni. Mimi mtaninunulia nyingine. Hii imeshapata wenyewe."

Marsiana aliipokea. Fulgensi alifungua gazeti, akakiweka kifuniko juu yake, na mkono wake ukabaki hapo juu ya mkono wa Marsiana. Paulina alivua miwani ili aone vizuri.

"Mke wangu," Fulgensi aliita.

Wanawake wote walitega masikio wasikie mke huyo leo yuko Songea au yuko wapi.

"Abee," Marsiana aliitika.