Wivu wa Fundi na Kitanzi cha Msusi

Ukumbi wa ofisi ya umeme ulikuwa umefurika watu tangu asubuhi, na kiyoyozi kilichokuwa juu ya foleni kilikuwa kinavuja. Wakubwa wa pale walishaambiwa mara chungu nzima, lakini vya vyumbani mwao vilikuwa vizima, basi haraka ya nini. Siku hiyo ndipo walipojisikia kumwita Fundi; akapanda ngazi, akachomoa trei ya ndani, na maji yote yakammwagikia mwanamke aliyesimama chini.

Alikuwa amevaa gauni la njano la mikono mipana, nywele zimesukwa mistari myembamba iliyokutana kisogoni. Maji yalimwanzia utosini.

"Kaka wa juu," alisema taratibu, bila kuinua kichwa, "mimi nimeshaoga nyumbani."

Foleni ikaangua kicheko. Fundi akashuka na kitambaa mkononi, akaona kimejaa grisi, akakificha nyuma.

"Nisamehe, dada. Nifanye nini uniwie radhi?"

"Mimi msusi, na kichwa hiki nimekihangaikia jana kutwa. Njoo saluni kwangu unitengenezee feni."

Alikwenda jioni ileile. Feni ilikuwa na ugonjwa mdogo tu, ila Fundi aliiuguza wiki nzima.

Haukupita muda wakawa wanaishi pamoja, chumba na sebule nyuma ya duka la vioo. Fundi alimpenda Msusi mpaka akawa anauonea wivu mlango uliomfungukia. Msusi akijipulizia manukato, aliuliza yanakwenda kunusiwa na nani. Simu ikilia, masikio yalimsimama.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Mteja wa kusuka ana sauti nzito hivyo?"

"Ana mafua, mpenzi. Nikupe umpe pole?"

Walicheka. Lakini siku zilivyosogea kicheko kilikauka. Msusi alianza kulala amempa mgongo, mikono imebana tumbo. Fundi akimgusa, anasema leo sijisikii. Kesho yake vilevile. Simu za sauti nzito akawa anatoka kwenda kuzungumzia uani, kwenye kamba ya nguo.

Halafu mwenye duka la vioo, mzee asiyejua kunyamaza, akamwambia, "Shemeji yangu siku hizi ananoga. Nimemwona kwenye lile jengo la kijivu la maofisi. Bwana mmoja mrefu, mwenye tai, alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akambebea na mkoba."

Mchana wa siku ya pili yake Fundi alimpigia Msusi simu.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Saluni, nasuka."

"Mteja wako mzima?"

"Mzima. Anasinzia tu."

Wakati huo Fundi alikuwa amesimama mbele ya saluni, anatazama kufuli.

Mwanamume mwingine angekwenda kwenye lile jengo akagonga mlango. Fundi alikwenda na ngazi. Fundi na ngazi yake hakuna mlinzi anayemuuliza kitu. Alizunguka nyuma, akatafuta mashine za nje za viyoyozi zilizopangwa ukutani, akaona kwa juu pazia la dirisha moja, na nyuma yake gauni la njano. Akapanda, akaizima mashine ya chumba kile. Alijua joto litawafanya waliomo wafungue dirisha wenyewe.

Wakafungua.

"Nieleze tena, bila haraka," ilisema ile sauti nzito.

"Niliwekewa kitanzi kliniki, kile cha kuzuia mimba," alisema Msusi. "Kabla sijakutana na huyu ninayeishi naye. Walinilaza, wakaniwekea, wakaniambia haya nenda. Baadaye nikawa sizishiki zile nyuzi zake za kujulia kwamba kipo. Nikarudi kuwaambia. Daktari hata hakuinuka kwenye kiti. Akasema kitakuwa kimedondoka, wewe hukuona. Maumivu yakaja, nikarudi tena, nikaambiwa ni kawaida ya wanawake. Mpaka dada yangu aliponipeleka kwingine nikapigwa picha. Kumbe kimetoboa mfuko wa uzazi, kimekaa huko nje tumboni."

"Kitanzi chenyewe si kosa," alisema yule bwana mrefu, kumbe ni wakili. "Wengi wanakaa nacho salama, na hata kutoboa kunaweza kutokea bila mtu kuzembea. Lakini ulipaswa kuelezwa hatari zake kabla hujakubali. Na uliposema huzishiki nyuzi, walipaswa kukitafuta. Sasa unaweza kulalamika kwenye baraza linalosimamia madaktari. Hao wanaweza kumwadhibu, ila kukufidia si kazi yao. Fidia ni mahakamani, kwa uzembe, na huko muda una mwisho. Ukichelewa wanakufungia mlango. Omba nakala ya faili lako mapema. Mwenzako anajua?"

"Hajui."

"Tutamhitaji. Yeye ndiye aliyekuona unavyoumwa."

"Huyo ukimtajia kitanzi hataniuliza kama kinaniuma. Ataniuliza niliwekewa kwa ajili ya nani."

Juu ya ngazi, Fundi alijikuta mdomo uko wazi. Swali lilelile lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi.

Wakili alichungulia dirishani kutafuta hewa, wakagongana macho.

"Wewe nani?"

"Fundi."

"Nani amekuita?"

"Hakuna aliyemwita," alisema Msusi nyuma yake. "Ndiye huyo mwenzangu."

Jioni ile Msusi alifunga nguo zake, akahamia kwa dada yake. Fundi alipiga simu mpaka ikashika joto mkononi. Siku Msusi alipopokea, sauti yake ilikuwa imechoka.

"Nimelala na kitu kinanichoma ndani, Fundi, naogopa kukuamsha. Sikumwogopa daktari kama nilivyokuogopa wewe. Unasikia?"

"Nasikia."

"Kesho kutwa nafanyiwa upasuaji. Usije na maswali."

Alikwenda, na maswali akayaacha nje. Dada mtu alimkuta kwenye benchi la wodi, amekaa na chupa ya uji mapajani.

"Shemeji, wewe si ndiye wa ngazi?"

"Ndiye mimi, dada."

"Leo umepita mlangoni. Hongera."

Kitanzi kilitolewa. Mfuko wa uzazi ulipona, ingawa daktari wa upasuaji alisema wangechelewa kidogo angesema maneno mengine. Yule wa kliniki aliendelea kwenda kazini, kalamu mfukoni. Wa aina yake hawapati aibu mpaka wapelekewe.

Wakampelekea. Siku malalamiko yao yaliposikilizwa barazani, Fundi alivaa shati lililopigwa pasi likasimama. Alieleza alichoona: mikono tumboni, usingizi wa vipande vipande. "Na mimi nilidhani ana mtu," alisema. "Nilikuwa mjinga ndani ya nyumba yangu."

Kisha wakili wa kliniki, bwana mwenye miwani ya dhahabu, akamgeukia Msusi. "Wakati unawekewa, ulikuwa unaishi na nani? Mtaje."

Wakili mrefu alipinga. Wakubwa wa mezani wakanong'onezana, wakasema ataje, kana kwamba jina la mwanamume ndilo lililomtoboa. Msusi alimtazama Fundi. Fundi alitazama viatu vyake, kisha akainua macho, akatikisa kichwa kukubali.

Msusi akalitaja.

Fundi alishika kiti kwa mikono miwili, asiinuke. Hakuinuka. Baraza likaahirishwa mpaka watakapojisikia.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Msusi alisimama mbali naye kidogo.

"Umelisikia jina."

"Nimelisikia."

"Na?"

"Jina lenyewe la kawaida tu. Nilivyoteseka nalo nilidhani litakuwa la maana."

Msusi alibana midomo, kicheko kikamponyoka hivyohivyo. "Leo utalala?"

"Sitalala. Sikudanganyi. Nitaligeuza kichwani mpaka asubuhi. Lakini sitakuuliza, leo wala siku nyingine." Akasogea hatua moja. "Wakikuita tena humo ndani, wakikuuliza unaishi na nani sasa, nataka uwajibu: na mume wangu. Kama unanitaka."

Msusi aliweka mkono mmoja kwenye gauni, juu ya kovu.

"Nenda kwa dada umwambie anifungie nguo zangu," alisema. "Kama ni kukesha, tukakeshe wote nyumbani kwetu."