Besi Iliponyamaza

"Hivi ngoma yenu imekufa, au Mungu amesikia dua zangu?"

Jirani aliuliza hivyo siku ya Ijumaa, akichungulia juu ya ukuta, besi ya gari la Dereva ikiwa kimya tangu jana yake. Jumamosi ikarudi kutikisa mabati. Jumapili mchana gari likashika moto uani, mtoto wa Dereva amelala kiti cha nyuma. Bibi yake alimtoa kwa mikono mitupu. Mtoto alisalimika, mikono ya bibi haikusalimika.

Jumatatu Inspekta, mama asiye na pupa, aliketi sebuleni kwa kina Dereva. Bibi alikuwa mkekani, bendeji hadi viwiko, na mwanawe mkubwa, Dereva, kando yake. Mdogo mtu, Fundi, aliyefunga muziki ule, alisimama mlangoni na pingu mikononi, askari kando yake. Lawama ikimwangukia, kesho ni mahakamani.

Inspekta alianza na Jirani, aliyeitwa pale pia.

"Ulisema utalichoma gari lile."

"Nilisema, afande. Mdomo huu umesema mengi. Lakini mchana ule nilikuwa ibadani, na waumini wote waliniona nikisinzia."

Hilo lilikuwa limeshathibitishwa. Inspekta akakunjua kitambaa. Ndani mlikuwa na kikasha cha fyuzi, cha waya mnene utokao kwenye betri kwenda kwenye ampu, kile kikuza sauti cha besi. Mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha msumari.

"Waya ulichubuka chini ya kiti, ukagusa bodi ya gari. Fyuzi ingekatika, yakaishia hapo. Msumari ukapitisha umeme mpaka waya ukawa kaa la moto."

"Nilitia fyuzi, afande," Fundi alisema. "Mungu ni shahidi."

"Usimsingizie Mungu!" Dereva akamkatiza. "Msumari aliuweka yeye tangu siku ya kwanza. Mimi hata boneti sijafungua."

"Alhamisi muziki ulizimaje?" Inspekta akamuuliza.

"Ulikata ghafla. Redio inawaka, besi kimya."

"Taa ya ampu ilikuwa nyekundu?"

"Haikuwaka hata kidogo."

"Ikiwa nyekundu, umeme unafika, ampu inajilinda. Ikiwa giza, umeme haufiki. Nyaya nyingine na viungo vyake tumevikuta vizima. Kwa hiyo kilichokatika ni kilichokuwa humu kikashani. Msumari hukatika, baba?"

Inspekta akakikunja tena kitambaa.

"Basi Alhamisi palikuwa na fyuzi. Fundi alisafiri Jumatano kwenda kufunga spika mji mwingine, akarudi Jumapili moto umeshazimwa. Mwenye kazi amethibitisha. Jumamosi nani alirudisha muziki?"

"Jibu, mwanangu," bibi alisema taratibu.

"Nilikuwa naongoza msafara wa harusi, mama. Niende kimya kama nimebeba maiti? Ningempigia huyu, angeniambia nisiguse mpaka arudi atafute kilichoikata fyuzi."

"Na mdogo wako ukamwacha alale mahabusu?" bibi akamuuliza.

"Niliona mikono yako. Mke wangu naye alikuwa ananiuliza nani nusura amuue mtoto wake. Ningesema ni mimi? Nikasema Fundi."

Bibi alifumba macho, midomo ikicheza kwa dua. Askari akamfungua Fundi pingu.

"Mdogo wangu," Dereva alisema, akiinuka na kunyoosha mkono. "Damu nzito kuliko maji. Nisamehe, mama akiwa hapa."

Fundi alipiga magoti mbele ya mama yao, akagusisha paji la uso kwenye zile bendeji. Kisha akasimama, akaupita ule mkono, akavaa ndara zake mlangoni, akatoka.