Picha Ilipokatika Juu ya Mikoko

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Baada ya hapo upepo ndio ukawa nahodha. Mvua ikimwagika kama imefunguliwa bomba, dhoruba iliivurumisha boti ndani ya msitu wa mikoko, ikapinda kijito cha kwanza, cha pili, cha tano, hata mpimaji, aliyedhani anaijua mikoko ile kama kiganja chake, akawa hajui wametokea wapi. Maji yalipokupwa, boti ikakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Hapo ndipo walipolala.

Walikuwa watatu: mpimaji, mkewe mshika daftari, na baba yake mpimaji, postamasta mstaafu aliyeomba kuja ili "anyooshe miguu kidogo." Asubuhi ile mguu wake mmoja ulikuwa haunyooki. Alipokuwa akisukuma boti, magamba ya chaza yalimpasua unyayo, na sasa ulikuwa umevimba, unawaka moto.

Maji ya kunywa yalibaki nusu chupa. Simu hazikushika mtandao. Na nyumbani kulikuwa na mtoto wa miezi mitano aliyeachwa kwa bibi yake kwa ahadi ya kurudi jioni. Blauzi ya mama yake ilikuwa imelowa, na si kwa mvua. Maziwa yalimjaa hadi makwapani. Kila alipoinua mkono aliuma meno.

"Tuirushe," alisema.

Kazi yao ilikuwa kuhesabu miche ya mikoko kutoka angani, kwa ndege ndogo ya povu gumu yenye kamera, inayoongozwa kwa redio. Mpimaji akivaa miwani yake ya picha, huona kile inachokiona kamera, ila hapo alipo haoni hata vidole vyake. Betri nzima ilikuwa moja. Dakika kumi na mbili.

Kabla ya kuirusha, mke alichukua kalamu ya wino akaandika chini ya bawa: WATATU. MMOJA KAUMIA. NJOONI ILIKOTOKA.

"Ya nini hiyo? Ndege itarudi," alisema mumewe.

"Isiporudi je?"

Mpimaji aliweka betri ndegeni. Akampa baba yake antena ya kupokelea picha, iliyounganishwa na miwani kwa waya mrefu. "Inyanyue juu ya kichwa, baba. Mikoko iliyolowa hula mawimbi ya redio."

"Mimi nimepeleka barua za watu miaka thelathini," mzee alisema huku akijiegemeza kwenye injini. "Picha itanishinda?"

Mke akairusha kwa mkono. Ndege ikayumba, ikapata upepo, ikapanda.

"Chenga!" mpimaji alipiga kelele. "Picha inakatika! Na haijafika hata mita mia tatu!"

Siku zote ilifika kilomita mbili. Mke akageuka. Mzee alikuwa ameinyoosha antena kuelekea ndege, ncha mbele, jicho moja kalifumba, kama mwindaji anayelenga shabaha.

"Baba, usiielekezee ncha!"

"Nisipoielekeza itajuaje tulipo?"

"Hii haisikii kwa ncha, baba yangu. Husikia kwa ubavu. Isimamishe wima, kama mshumaa."

Mzee akaisimamisha, akinung'unika. Picha ikarudi, safi.

"Kijani," mpimaji alisema. "Kijani. Kijito hakina mwisho. Kijani... Ngoja! Kaskazini, mabwawa ya chumvi! Meupe! Kuna watu!"

"Mbali?"

"Kilomita tatu hivi. Na nimeshafika ya pili." Sauti ikashuka. "Chenga zinaanza tena. Safari hii ni za kweli."

Sheria yao haikuwahi kuvunjwa: chenga zikija, ndege inageuka. Ndege ile ndiyo iliyolisha nyumba.

"Redio ya usukani hufika mbali kuliko picha," alisema. "Ila sijui ni mbali kiasi gani. Ikikatika, mota inazimika na ndege inashuka palepale, juu ya miti. Hakuna atakayeiona."

"Inakwenda kasi gani?"

"Mita kumi na tano kwa sekunde."

Mke alipiga hesabu akilini. "Sekunde sabini. Nenda."

"Nitakuwa kipofu, mke wangu."

"Ndiyo maana ulioa mtu wa hesabu. Nenda!"

Picha ikafa. Akaweka kiganja mgongoni mwa mumewe, akahesabu kwa sauti. Alipofika thelathini, misuli ya mgongo ilikaza kama mbao. Alipofika hamsini, mzee alibana pumzi, antena ingali wima. "Sitini na tisa. Sabini. Zima!"

Akazima. Hawakusikia kitu.

Mpimaji alibaki na miwani usoni, akizitazama chenga, mpaka mkewe alipomvua kwa mikono miwili.

Jua likapanda. Mzee alikataa maji yaliyobaki. "Mpe anayenyonyesha. Na asibishane na mkwewe." Mke akanywa mafunda mawili huku machozi yakimtoka, kisha akachukua kopo la petroli akawa analigonga kwa kasia, anapumzika, anagonga tena. Viganja vikachubuka. Maji yalianza kujaa, boti ikanyanyuka kutoka topeni, na kutoka nyuma ya majani mtu akajibu kwa kugonga debe.

Alikuwa nyapara wa wachimba chumvi, mwanamke mpana, miguu imekauka chumvi mpaka magotini, na nyuma yake mtumbwini vijana wawili wakipiga kasia.

"Nani mwenye lile dude?" aliuliza. "Limenipita sikioni, likatumbukia bwawani! Nimelitukana mpaka nilipoona lina maandishi."

"Tusamehe, dada," alisema mpimaji.

"Nikusamehe nini? Mshike mzee wako kwa huku. Polepole, huo mguu."

Jioni, mguu ukiwa umeshonwa na kufungwa, waliingia nyumbani. Mtoto alimtazama mama yake kwa hasira za siku mbili, akageuza uso. Kisha akanusa, akarudi, akalishika titi kwa mikono yote miwili. Mpimaji akaketi sakafuni na matope yake, bega lake likiegemea goti la mkewe.

Bibi akatoka jikoni, akawahesabu kwa macho, akauliza ndege iko wapi. Walikuwa wanamsikiliza mtoto akimeza.