Safu ya Nyuma ya Dereva

Hussam alinaswa na foleni ya Changamwe akiendesha chesisi tupu ya lori, fremu na magurudumu tu, haina kichwa wala mbavu, mwenyewe kakalia sanduku la mbao, vumbi hadi kwenye kope. Jalila, mtandio wake wa zambarau ukipepea, alishindwa kupita bila kucheka.

“Kaka, gari umelivulia nguo wapi?”

“Bandarini, laazizi. Nalipeleka kiwandani likavishwe.”

“Laazizi wako nani? Hapo kiwandani ndipo naanza kazi leo, kushona viti.”

“Basi tutalivisha sote, inshallah.”

Wakalivisha, hilo na mengine. Kiwanda kilianza zamani kwa kupigilia bodi za mbao juu ya chesisi za lori, kikaingia kwenye mabati, kisha vyuma vya kuchomelea. Kisauni nzima ilipanda minibasi zake. Siku hizi magari yaliyokwisha kuundwa yanashuka melini, na wateja waliobaki wanabembelezwa. Hussam alifunga viti alivyoshona Jalila, na mapenzi yakanoga papo hapo.

Hata siku moja mteja akapiga simu akifoka: basi lake jipya lina viti viwili pungufu. Hussam alikuwa bandarini. Msimamizi akamgeukia Jalila, akamwambia akakae nyumbani mpaka vionekane. Jalila akampigia Hussam huku analia.

“Viti viwili viko wapi?”

“Hapo kiwandani, nyuma ya mitungi ya gesi. Nilisogeza safu za viti, hivyo viwili havikuingia. Ngoja nikueleze…”

“Mimi naitwa mwizi, wewe unasogeza safu! Usinipigie tena.”

Hussam alipiga jioni nzima, Jalila hakushika.

Kesho yake Bi Kafedha, mamake Jalila, alirudi kutoka kwa dadake Kiembeni, uso umemnawiri. Goti lake halikunjiki, na safari za basi alikuwa ameziacha kitambo, hadi juzi.

“Mwanangu, kuna basi jipya la Kiembeni, nimekaa nyuma ya dereva, mguu nimeunyoosha! Wallahi, aliyefunga kiti kile ananijua.”

Habari za goti lile Jalila alikuwa amemweleza mtu mmoja tu. Akachukua simu.

“Hussam, kwa nini hukuniambia?”

“Nilitaka mama akuambie mwenyewe. Nisamehe, laazizi. Msimamizi nimeshamweleza, rudi kazini. Ila Jumatatu basi linaletwa, nibane safu nirudishe vile viti.”

Bi Kafedha alikuwa akisikiliza.

“Mwambie aje na wazee wake kuposa,” alisema. “Na waje Jumapili, kwa basi lile lile, niwasindikize nalo kabla halijabanwa.”