Majina Saba Kabla ya Kufunga Njia

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilele cha Mlima Longonot wakati Chelimo alipomwambia Nangila, kwa upole wake wa siku zote, "Tumesahau sururu kule juu. Si unikimbilie? Wewe ndio uko na miguu."

Nangila akapanda bila kinyongo. Rafiki ni rafiki, tena na huyu walikuwa wamekula sahani moja huko mtaani Rhonda tangu shule ya msingi. Wote saba kikundini walikuwa wa kujitolea. Kutwa nzima walikuwa wakiifunga njia ya zamani iliyoliwa na mvua, wakipanga mawe na kupanda miche ya leleshwa ili wapanda mlima wafuate njia mpya. Mwaka jana njia hiyo ilimmeza Kipkemoi, ndugu yake Chelimo. Hata kiatu hakikuonekana.

Kikundi kilikuwa na mwiko mmoja. Kabla ya kupanda mche wa mwisho mdomoni mwa njia, majina yote saba huitwa, na kila mtu huitika akiwa nje. Asiyeitika husubiriwa, hata kama ni mpaka kuche.

Kule juu sururu haikuwepo.

Nangila akageuka. Upepo ulikuwa umekufa. Akasikia harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi... na chini, sauti ya Chelimo ikiita.

"Odero."

"Nipo."

"Trizah."

"Nipo."

Akaanza kukimbia. Wataningoja, alijiambia. Jina la sita likaitikiwa. Likabaki lake.

"Kipkemoi," Chelimo akaita.

"Nipo."

Sauti ya mwanamume. Nzito, kavu, ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi.

"Na Nangila je?" Odero akauliza.

"Nangila gani?"

Odero akasita. "Hata sijui. Imenitoka tu."

Nangila alifika mdomoni mwa njia akihema. Pale walipokanyaga mchana, nyasi zilimfika kiunoni. Aliwaona wenzake wakishuka, mmoja akichechemea, miguu mitupu. Akapiga kelele. Hakuna aliyegeuka. Chelimo peke yake alibaki, amepiga magoti, mche mkononi, macho chini.

"Chelimo. Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," akanong'ona. "Mathe amelia mwaka mzima. Ni kijana wake wa pekee."

"Hata mimi niko na mathe."

"Najua. Lakini wako hatalia. Hata hatajua aliwahi kukuzaa."

Akautia mche shimoni, akashindilia udongo kwa viganja, taratibu, vile walivyofundishwa, kisha akawafuata wenzake.